Vitabu vya Wahabi Vilivyokwenda Mwello

Vitabu vya Wahabi vilinuka. Naanza na hilo kwa sababu waliokuja kuvisifu baadaye hawakuwahi kukaa navyo chumba kimoja. Vilinuka mkojo wa panya, mafuta ya taa, na ukungu wa masanduku yaliyosahauliwa kwenye stoo za Wazungu. Ukikifungua kimoja, mayai ya mende yalidondoka kutoka kwenye mgongo wake yakatua mapajani. Mimi nilikuwa karani wa soko la Tororo, mwenye meza na dirisha, na mtu hakuniajiri nifukuze mende. Lakini kwa miaka mitatu, karibu kila wiki, baada ya sala ya alasiri, Wahabi aliingia ofisini kwangu na kitabu kimoja kwapani, akakiweka juu ya daftari langu la ushuru, akasema, "Karani, soma mwisho."

Hakutaka mwanzo. Hakutaka kujua rais alizaliwa wapi, alisoma shule gani, wala alishinda vita gani. Alitaka kujua aliondokaje.

Wahabi alikuwa dereva wa lori. Alizaliwa Busia, baba yake Mnubi na mama yake Msamia, akahamia Tororo alipomwoa Kulusumu. Alibeba pamba, chumvi, samaki wakavu na mabati kati ya miji hiyo miwili, na hakuna aliyewahi kusema kwamba gunia limepungua mikononi mwake. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mazito na sauti ndogo, na aliongea Kiswahili cha mpakani kama sisi sote. Kiingereza chake kilikuwa cha jeshini: amri, matusi, na majina ya vipuri.

Vita vya Hitla vilimpeleka Burma. Huko, katika barabara moja ya matope, alikutana na dereva mwenzake, Mmarekani mweusi, wakawa wanasubiri daraja litengenezwe. Katika mazungumzo ya kupoteza muda yule Mmarekani alimwambia kwamba kwao mtawala muda wake ukiisha anarudi nyumbani.

"Anarudi akiwa hai?" Wahabi alimuuliza.

"Hai. Anafuga kuku."

Wahabi aliona anataniwa. Alinisimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara alitikisa kichwa mahali palepale. Sisi tulikuwa tumewaona magavana wakibadilishana, huyu anashuka kwenye treni na yule anapanda, wote na kofia ileile ya manyoya, lakini hao hawakuwa wetu wala hawakutuuliza. Chifu aliondolewa na Mzungu au na kaburi. Mtawala anayetoka mwenyewe, akafunga mlango nyuma yake, akaenda kulisha kuku na majirani wakimwona, hilo halikumwingia Wahabi akilini. Basi alitaka kuhakikisha.

Nafasi aliipata miaka ya mwisho ya mkoloni. Walowezi wa upande wa Kenya walianza kuuza mashamba yao, na vitu vyao vikapigwa mnada. Vitanda vilipata wanunuzi, na farasi pia. Vitabu havikutakiwa na mtu, kwa hiyo vilishuka hadi Busia vikiwa karatasi tu, vimefungwa kamba kama kuni, na kupimwa kwenye mizani kama sukari. Waliovinunua walikuwa watu wa kufunga tumbaku, chumvi na karanga. Wahabi aliomba ruhusa ya kuchakura kabla havijachanwa. Neno la Kiingereza la rais alilijua kwa umbo lake, na aliangalia kama ukurasa wa mbele una picha ya mtu mwenye koti na macho makali. Hivyo ndivyo alivyowapata Wamarekani, Wafaransa, Wamexico, na wawili watatu wa Liberia, ambao aliwapenda kuliko wote na hakuficha.

Mara nyingine alichelewa. Kuna kitabu kimoja kilichofika soko la Tororo kikiwa kimekwisha kukatwa nusu, na hiyo nusu ilikuwa mikononi mwa Mama Aboth, mwuza karanga, ambaye alikuwa anasokota kurasa kuwa koni na kujaza karanga. Mama Aboth hakukubali kuuza karatasi bila karanga. Alisema yeye si duka la vitabu. Wahabi akanunua karanga. Alinunua siku ya kwanza, ya pili, hadi ya tisa, kila koni yenye ukurasa wa kitabu kile, na nyumbani kwake karanga zikajaa sufuria, beseni na mtungi. Kulusumu alizitwanga, akatia kwenye mboga, kwenye matoke, kwenye uji. Nilipopita kusalimu aliniambia mbele ya mumewe kwamba nyumba yake imekufa njaa ya nyama kwa sababu ya Mzungu aliyezikwa kabla bibi yake hajazaliwa.

"Baba Hasifa," alisema akimgeukia, "huyo rais wako na afe haraka tule samaki."

Koni nyingine zilikuwa zimenunuliwa na watu wengine. Wahabi aliwafuata. Ukurasa mmoja aliuokota chini ya benchi la kinyozi, na mtu alikuwa amepengea kamasi ndani yake. Aliuanika juu ya boneti ya lori hadi ukakauka, kisha akauleta mezani kwangu.

"Sheikh," nilimwambia, "hii ni kamasi."

"Imekauka. Soma, ameondokaje?"

Nilisoma nikiwa nimeshika ukurasa kwa ncha za vidole viwili. Rais yule alipigwa risasi akiwa anatazama mchezo ukumbini. Wahabi akaniomba niandike. Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu: katika ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, kwa penseli, niliandika jina la rais kwa Kiswahili chetu na jinsi alivyoondoka. Alirudi nyumbani. Alikufa kitini. Aliuawa. Alitolewa. Waliorudi nyumbani aliniamuru niongeze walifanya nini huko, kama kitabu kilisema, nami niliandika: alilima, alifundisha, aliugua, aligombana na wakwe. Hadi mwanzoni mwa mwaka wa 1961 tulikuwa na vitabu mia moja na kumi na vinane, vimepangwa kwenye makasha ya chai katika chumba ambacho Kulusumu alikitaka kwa ajili ya kuku.

Ni mwaka huo ambapo kila mtu mjini aligeuka mwanasiasa. Vinyozi waligawana vyama. Ndugu waliokula sahani moja walianza kutazamana kwa pembe ya jicho. Kwenye soko langu watu waliochelewa kulipa ushuru waliniambia nitafukuzwa uhuru ukija, na waliolipa mapema waliniambia vilevile. Wahabi hakuwa na chama. Alikuja ofisini siku moja akakaa juu ya gunia, akasema maneno niliyoyaandika jioni ileile.

"Karani, tunaambiwa tutajitawala. Kila mtu anauliza nani ataingia. Hakuna anayeuliza atatokaje."

Alitaka chumba. Chumba kimoja tu karibu na soko, chenye dirisha na mabenchi, ambamo mtu aliyeleta ndizi kutoka kijiji cha Kwapa au pamba kutoka Mwello angeweza kuingia, akasoma au akasomewa na mwingine, kisha akarudi kwake. Alitaka kiwepo kabla bendera haijabadilishwa. Baadaye, alisema, watu watakuwa wamekwisha kuzoea kutouliza.

Ofwono alisikia habari hizo. Ofwono alikuwa na duka na mashine ya kukoboa huko Mwello, aliwahi kufundisha shule kwa miaka miwili, na sasa alikuwa anagombea kiti cha baraza la wilaya. Alikuwa na tabasamu la mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Alikuja nyumbani kwa Wahabi amevaa suti katika jua la saa saba, akachungulia makasha, akaziba pua kwa leso, akasema hii ni hazina ya taifa. Alikuwa na chumba nyuma ya soko, alisema, amekwisha kukilipia. Kura zikiisha kitafunguliwa kwa watu wote. Kwa sasa angevichukua vitabu na kuvitumia kuwaonyesha wapiga kura jambo analotaka kuwafanyia.

Hapa lazima nieleze desturi ya watu wa malori, maana bila hiyo Wahabi ataonekana mjinga, naye hakuwa mjinga. Kwa madereva na wachukuzi wa mpaka ule, mzigo wa mtu hauandikiwi. Mwenye mali anaweka kiganja juu ya mzigo, anayepokea anaweka kiganja juu ya mkono wake, na mashahidi wawili wanasikia neno moja: amana. Siku ya kurudisha, mwenye mali anakuja na mashahidi walewale na kusema amekuja kuchukua mkono wake. Kwa mkono huo majora ya nguo, chumvi na baiskeli zimevuka Busia miaka mingi bila karatasi. Kumwomba mwenzako karatasi ni kumwita mwizi mbele ya watu. Na anayekana amana, mashahidi wawili wakisema, hakuna lori litakalobeba mali yake tena, hata jeneza la mama yake. Wahabi aliiona sheria hiyo kuwa nzito kuliko mahakama. Alichosahau ni kwamba Ofwono hakuishi kwa malori.

Mashahidi tulikuwa wawili. Mmoja alikuwa Swaliki, mkubwa wa wachukuzi wa Tororo, mtu mnene, mcheshi, aliyefungisha ndoa na kuamua kesi za wachukuzi wote. Wa pili nilikuwa mimi. Makasha yalikuwa yamekwisha kupakiwa kwenye lori la Ofwono, injini imezimwa. Nilisema, polepole, kwamba vitabu ni vingi na labda tungeandika orodha, watu wote watie sahihi.

Swaliki alicheka hadi tumbo likatikisika. "Karani Obbo, wewe hata mke wako ulimwoa kwa risiti."

Watu wote wakacheka, na Wahabi akatazama chini kwa kunionea aibu. Orodha nikaiacha. Wahabi akaweka kiganja juu ya kasha la juu, Ofwono akaweka chake juu, pete yake ikigonga mfupa wa Wahabi. Wahabi akasema, "Amana, hadi chumba kifunguliwe." Ofwono akasema, "Amana." Nilisikia kama ninavyosikia kengele ya kanisa.

Kwenye mikutano vitabu vilipangwa mezani mbele ya Ofwono, vyekundu upande huu, vya kijani upande ule. Alivipigapiga mgongo akiongea, kama mtu anayepigapiga ng'ombe wake mnadani. Hakusema ni vya nani. Katika mkutano wa uwanja wa Rubongi Mama Aboth alikuwa anauza karanga mbele kabisa, akanyoosha mkono, akakifungua kimoja, akaniuliza kwa sauti ya sokoni pameandikwa nini hapo kwa penseli. Nilimjibu kwamba pameandikwa "Alitolewa."

Mama Aboth akamgeukia mgombea. "Na wewe Ofwono, utaondokaje?"

Uwanja mzima ulicheka. Mzee mmoja nyuma alisema ataondoka na viti. Ofwono naye alicheka, kwa meno tu, na kuanzia siku hiyo vitabu havikuonekana tena mezani.

Alishinda. Chumba cha nyuma ya soko kilijazwa chumvi ya shemeji yake. Wahabi alikipitia kila alipokuja kulipa ushuru wa mzigo, akatazama kufuli, akaenda zake. Alipokwenda kwa Ofwono aliambiwa Mheshimiwa yuko Kampala. Alipokwenda tena aliambiwa Mheshimiwa amepumzika. Mara ya tatu aliachwa barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri, akapewa chai kwenye kikombe cha bati wakati wageni wengine wanapita mbele yake na kuingia ndani. Alininunia mimi kwa kumwambia nimwandikie barua. Alisema barua ni kuonyesha kwamba mkono haukutosha.

Kisha, Julai ya mwaka wa 1962, miezi mitatu kabla ya uhuru, tukapata mwaliko. Mheshimiwa Ofwono anafungua maktaba nyumbani kwake Mwello. Wahabi aliyarudia maneno hayo mawili, "nyumbani kwake," akakunja karatasi. Kulusumu alimpigia kanzu pasi. Alisema kwa mara ya kwanza kwamba afadhali vitabu virudi, hata chumba cha kuku vikichukue tu, kwa maana mume wake amekuwa kama mtu aliyefiwa na hawezi kukaa matanga.

Tulikwenda kwa lori la Swaliki, sisi watatu kwenye kabini. Njia nzima Swaliki alisimulia habari ya zabuni. Baraza lilitaka kujenga, na mabati, saruji na mbao zingehitaji malori. Mheshimiwa alikuwa amemwita, wakaongea vizuri. Wahabi alitazama nje.

Ng'ombe wawili walikuwa wamechinjwa. Wageni walikaa chini ya turubai, mafuta yanawatiririka hadi viwikoni, na mbwa walikuwa wanagombea kwato karibu na meza ya wakubwa. Tulipelekwa sebuleni kutazama maktaba. Lilikuwa ni kabati la kioo lenye kufuli. Vitabu vilikuwa vimepangwa kwa urefu, vingine kichwa chini, na mtu alikuwa amevipulizia manukato, kwa hiyo chumba kilinuka kama mkojo wa panya uliotiwa waridi. Mgeni mmoja aliuliza ufunguo uko wapi, akajibiwa kwamba unakaa na Mheshimiwa, na atakayetaka kusoma ataandika barua ya maombi.

Ofwono alihutubia. Alisema vitabu hivi amevikusanya kwa jasho miaka mingi. Watu wakapiga makofi kwa mikono yenye mafuta.

Wahabi alisimama kabla makofi hayajaisha. Alivuka nafasi iliyokuwa kati yetu na meza ya wakubwa, akasimama mbele ya Ofwono, akanyoosha kiganja.

"Mheshimiwa, nimekuja kuchukua mkono wangu."

Wengi hawakuelewa. Ofwono alielewa. Alimeza alichokuwa anatafuna, akafuta midomo.

"Mkono gani, mzee wangu? Ulinipa zawadi, na leo nimekuita ule nyama yake."

"Ilikuwa amana. Mashahidi hawa hapa."

Ofwono alituangalia, Swaliki kwanza kisha mimi, bila haraka, kama anayechagua kipande kwenye sinia. "Basi waseme," alisema.

Swaliki alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti. Alikitoa, akakitazama ncha yake. "Mimi nilishuhudia zawadi," alisema. "Wahabi ndugu yangu, tusiharibu sherehe za watu."

Wahabi akanigeukia. Hakuniomba. Alinitazama tu, kama alivyonitazama kila wiki akisubiri nifike ukurasa wa mwisho. Desturi ilitaka mashahidi wawili, na mmoja alikuwa amekwisha kuuza ulimi wake, kwa hiyo neno langu peke yake lisingefungua lile kabati. Hayo ndiyo niliyojiambia. Nilijiambia pia kwamba mshahara wangu unatiwa sahihi na baraza, na kwamba nina watoto wanne shuleni.

Nikasema siku ile palikuwa na kelele za lori. Nikasema sikusikia vizuri.

Wahabi aliteremsha mkono. Watu walianza kuongea tena, wengine wakacheka kwa kuwa aibu imepita. Ofwono, ambaye sasa alikuwa na furaha ya kweli, aliamuru kabati lifunguliwe, akatoa kitabu kimoja chembamba, akamkabidhi mbele ya wote. Alisema mzee asiondoke mikono mitupu. Wakapiga makofi tena.

Wahabi alikipokea. Akakifungua pale mbele. Ukurasa wa kwanza haukuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, nadhifu, umebaki ukingo mwembamba tu. Akauliza nani amekata.

"Tumekata vyote," Ofwono alisema. "Vilikuwa vimechafuliwa na penseli."

Wahabi akakiweka kitabu mezani, kati ya mifupa na bakuli la pilipili. Alijifuta kiganja kwenye kanzu ile iliyopigwa pasi, akaacha alama, akaondoka kupitia katikati ya wageni. Aliwaomba radhi wale aliowakanyagia mkeka.

Mimi na Swaliki tulibaki hadi soda zilipogawiwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulibaki, na nilikula, na nilipoulizwa kama nyama imeiva nilisema imeiva.

Tulimkuta Wahabi njiani, kabla ya Rubongi, anatembea pembeni mwa barabara ameshika viatu mkononi. Swaliki alipunguza mwendo hadi tukawa sambamba naye, akatoa kichwa nje.

"Sheikh, panda. Tororo ni mbali."

Wahabi hakugeuka wala hakuharakisha. Lori lilikwenda pamoja naye kama mtu anayesindikiza, kwa muda mrefu. Upande wangu ndio uliokuwa karibu naye. Kitasa cha mlango kilikuwa kwenye goti langu. Ningeweza kushuka, na hakuna ambacho ningehitaji kusema. Nilitazama nyayo zake zikipanda na kushuka kwenye vumbi.

Swaliki alichoka, akatia gia. Tulipokwisha kumpita aliniuliza, mimi ninayejua mambo ya ofisini, kama nadhani Mheshimiwa atamkumbuka kwenye ile zabuni ya mabati.

Nilimwambia kwamba bila shaka atamkumbuka.